Matunzo ya Gari Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika fukwe za Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko na Lindi, wenye vyombo vya baharini wamekuwa na ratiba ya matengenezo tangu zamani. Siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Jahazi huletwa hadi juu ya pwani wakati wa maji kujaa. Maji yakisha kutoka, chombo hubaki pakavu kikiwa kimeegemezwa gadi. Hapo mabaharia hukikwangua, hutia kalafati katika nyufa za mbao, kisha hupaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili kuwazuia wadudu wa baharini watobao mbao. Nahodha mwangalifu hangoji chombo kivuje ndipo akipandishe. Hutazama kalenda yake, naye huitazama pia hali ya maji ambamo chombo kimekuwa kikisafiri.

Leo watu wa pwani hiyo wana vyombo vya namna nyingine pia. Barabara itokayo Dar es Salaam, ambayo zamani ilikatizwa na kivuko cha mto Rufiji, ilipata Daraja la Mkapa mwaka 2003. Na kipande cha vumbi kilichobaki kati ya Ndundu na Somanga kiliwekwa lami katika miaka ya 2010. Pamoja na mabasi na malori, barabara hiyo imeleta magari madogo ya fahari yenye umbo la kupanda milima, ambayo mengi yametumika kwanza nchini Japani. Mwalimu, mganga au mfanyabiashara wa samaki hulinunua gari la namna hiyo kwa akiba ya miaka mingi. Katika vijiji vingi gari hilo hilo ndilo limpelekalo hospitali mama mjamzito usiku wa manane. Kwa hiyo likiharibika, hasara haimpati mwenye gari peke yake.

Katika makala haya tutaeleza ratiba ya matengenezo ya gari ni kitu gani, imejengwa juu ya misingi gani ya sayansi, na kwa nini ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine haina budi kusomwa upya na mtu aishiye karibu na bahari.

Kilometa au miezi?

Kila gari hutoka kiwandani pamoja na kitabu cha maelekezo. Humo mtengenezaji huonyesha ni lini kila sehemu ikaguliwe, isafishwe au ibadilishwe. Kwa kawaida huandika vipimo viwili, yaani umbali na muda, kisha huongeza maneno ambayo wasomaji wengi huyapita haraka: "chochote kitakachotangulia."

Maneno hayo yana maana kubwa. Kwa magari yake mengi ya petroli yasiyo na tabo, kampuni ya Toyota huwaelekeza wenye magari nchini Japani wabadilishe oili ya injini kila kilometa 15,000 au kila mwaka 1. Lakini kwa gari litumikalo katika mazingira magumu, vipimo hivyo hupunguzwa kuwa nusu: kilometa 7,500 au miezi 6. Mazingira magumu ni pamoja na barabara mbovu, vumbi, na safari fupi fupi zisizozidi kilometa 8. Katika gereji zetu fundi mara nyingi huandika kilometa 5,000, nayo ni tahadhari nzuri.

Tuchukue mfano wa mwalimu akaaye kilometa 5 kutoka shuleni kwake. Kila siku ya kazi huenda na kurudi, yaani kilometa 10. Akifanya safari hiyo siku 25 kwa mwezi, atatembea kilometa 250. Akingoja kilometa 5,000 zitimie, itambidi angoje miezi 20. Sasa tumtazame jirani yake aishiye Lindi, aendaye Dar es Salaam mara mbili kila mwezi. Safari moja ni kilometa zipatazo 450. Basi kwa mwezi hutembea kilometa 1,800, na kilometa 5,000 humtimilia kabla ya miezi 3 kwisha.

Watu wengi watasema kuwa gari la mwalimu limepumzika na oili yake bado ni njema. Kemia yasema vingine. Petroli ikiungua huzaa hewa ya kaboni dioksidi na maji. Tukiichukua oktani kuwa mfano wa petroli, mlinganyo wake ni huu:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Mwanafunzi akipiga hesabu ya uzito ataona kuwa gramu 228 za oktani huzaa gramu 324 za maji. Kwa maneno mengine, lita 1 ya petroli huzaa takriban lita 1 ya maji. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwa bomba la moshi yakiwa mvuke, lakini kiasi kidogo hupenya kandokando ya pistoni na kuingia katika oili. Injini ikisafiri mwendo mrefu hupata moto wa kutosha, na maji hayo huvukizwa. Injini iendeshwayo kilometa 5 kisha ikazimwa haipati joto hilo. Maji hubaki, huchanganyika na masizi na asidi hafifu, na polepole oili hupoteza uwezo wake wa kulainisha na kulinda chuma. Gari la mwalimu lapaswa kufuata miezi. Gari la jirani yake lapaswa kufuata kilometa.

Historia ya gari lililotumika

Toyota Harrier, gari linaloonekana sana katika barabara za Tanzania, lilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997. Katika nchi nyingine lilijulikana kwa jina la Lexus RX. Matoleo yake ya kwanza yalikuwa na injini ya silinda nne ya lita 2.2, au ya silinda sita ya lita 3.0. Injini zote mbili huendesha vali zake kwa mkanda wa mpira uitwao taimingi belti. Baadaye ilikuja injini ya lita 2.4 itumiayo mnyororo wa chuma badala ya mkanda.

Tofauti hiyo si ndogo. Mnyororo waweza kudumu maisha yote ya injini iwapo oili hubadilishwa kwa wakati wake. Mkanda wa mpira una mwisho, nao hubadilishwa kwa kawaida ufikapo kilometa zipatazo 100,000. Mkanda hautoi kelele wala ishara kabla ya kukatika. Ukikatika njiani, injini huzimika papo hapo. Katika injini za aina fulani vali hugongana na pistoni, na gharama ya ukarabati huweza kukaribia bei ya injini nzima.

Je, mnunuzi atajuaje ni lini mkanda ulibadilishwa? Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika kikaratasi ndani ya chumba cha injini au kandokando ya mlango, wakiandika tarehe na kilometa. Mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao. Mwaka wa enzi ya Heisei, ambao huonyeshwa kwa herufi H, hugeuzwa kuwa mwaka wetu kwa kuongeza 1988. Basi H17 ni mwaka 2005. Enzi ya Reiwa, yenye herufi R, huongezwa 2018; basi R2 ni mwaka 2020. Kikaratasi kisipoonekana, ni salama zaidi kuhesabu kuwa mkanda haujabadilishwa kamwe.

Matairi nayo husema umri wake. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne ndani ya duara la yai. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka kwa joto, jua na oksijeni hata kama gari halitembei, kwa hiyo tairi lenye meno marefu laweza kuwa tairi bovu.

Chumvi isiyoonekana

Sasa tuingie katika jambo linalolihusu hasa eneo la pwani. Chuma hushika kutu kikikutana na maji pamoja na oksijeni. Kutu ni tendo la umeme na kemia: sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni, sehemu nyingine huzipokea, na maji yaliyo juu yake huwa njia ya kukamilisha mzunguko. Maji matupu hupitisha umeme kwa shida, lakini yakitiwa chumvi huupitisha vyema. Zaidi ya hayo, kloridi iliyomo katika chumvi huvunja utando mwembamba ambao huzilinda baadhi ya metali.

Maji ya bahari yana chumvi zipatazo gramu 35 katika kila kilo. Mawimbi yapasukapo, matone madogo mno hupeperushwa na upepo wa kusi au wa kaskazi hadi nchi kavu. Matone hukauka na kuacha chembe za chumvi juu ya kila kitu, hata juu ya gari ambalo halijapata kukanyaga ufukweni.

Mpishi yeyote wa pwani anajua kuwa chumvi ya mawe hulowa ndani ya kopo ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Chumvi safi, yaani kloridi ya sodiamu, huanza kunyonya unyevu wa hewa hata ikayeyuka pale unyevunyevu wa hewa uzidipo asilimia 75. Kloridi ya magnesiamu, ambayo pia imo katika chumvi ya bahari, hunyonya hata katika hewa iliyo kavu zaidi. Usiku pwani hewa huwa na unyevu mwingi. Hivyo gari lililolala nje mjini Kilwa Masoko hulowa maji ya chumvi usiku hata wakati wa kiangazi, na kutu huendelea na kazi yake wakati mwenye gari amelala.

Kutu hupenda kuanzia mahali pasipoonekana: chini ya sakafu, katika maungio ya mabati, kwenye mabomba membamba ya breki, na chini ya milango ambako matundu ya kutolea maji yamezibwa na mchanga. Gari libebalo samaki limo hatarini zaidi, kwa sababu maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi huvuja na kutuama chini ya zulia. Dawa yake ni rahisi. Gari lioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, hasa upande wa chini. Matundu ya milango yazibuliwe. Na mara moja kwa mwaka sehemu za chini zipakwe nta au mafuta ya kuzuia kutu. Kazi hiyo haitofautiani na ile ya kupaka deheni.

Vumbi na maji

Njia ziendazo vijijini, mbali na barabara kuu, bado ni za mchanga na vumbi. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ya lita 2.2 inayozunguka mara 2,400 kwa dakika, ikivuta kwa nguvu zake zote, huweza kumeza lita 2,640 za hewa kila dakika, yaani meta za ujazo zipatazo 158 kwa saa. Hiyo ni karibu hewa yote ya darasa lenye urefu wa meta 8, upana wa meta 7 na kimo cha meta 3. Vumbi lote la darasa hilo huzuiwa na karatasi moja, yaani chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eya klina. Likiziba, injini hukosa pumzi na hula petroli nyingi. Likipasuka, chembe za mchanga huingia na kukwangua silinda. Katika njia za vumbi chujio likaguliwe kila mwezi.

Maji ya rejeta nayo yanahitaji maelezo. Watu husema kuwa kulenti ni ya nchi za baridi, maana kazi yake ni kuyazuia maji yasigande. Hiyo ni kazi yake moja tu. Kulenti ina dawa zinazoilinda aluminiamu na chuma visiliwe na kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, chini ya kanieneo cha kifuniko kizima, huinua kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 120 za Sentigredi. Visima vingi vya pwani vina maji ya munyu. Maji hayo yakitiwa katika rejeta huacha magamba kama yale ya ndani ya birika, na kloridi yake huila aluminiamu. Iwapo kulenti imekosekana njiani, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima cha munyu. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto.

Mvua nazo zina somo lake. Mwezi Mei 2024, katika siku za kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu katika eneo la Somanga. Mtu aliyelazimika kupita katika maji mengi na akague oili ya injini, ya giaboksi na ya difu. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, nayo haifai kungoja ratiba.

Mafuta ya breki

Katika matengenezo yote, hili ndilo lisahauliwalo kuliko mengine, nalo ndilo liwezalo kuua.

Gari lenye uzito wa kilo 1,600 likienda kilometa 80 kwa saa, yaani meta 22.2 kwa sekunde, lina nishati mwendo ya nusu ya 1,600 mara 22.2 mara 22.2, ambayo ni takriban jouli 395,000. Dereva akisimama, karibu nishati yote hugeuka kuwa joto katika breki. Joto hilo latosha kuchemsha lita 1.3 za maji kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 100. Hiyo ni breki ya mara moja. Sasa tuseme dereva anateremka kutoka nyanda za juu za Rondo, na ya kuwa anashuka kimo cha meta 300. Nishati itakayotoka ni 1,600 mara 9.8 mara 300, yaani jouli zipatazo 4,700,000. Akitegemea breki peke yake, ni kama kwamba amesimama ghafula kutoka kilometa 80 kwa saa mara 12 mfululizo.

Mguu wa dereva hausukumi pedi za breki moja kwa moja. Husukuma mafuta yaliyo ndani ya mabomba; na kwa kuwa kimiminika hakishindiliki, nguvu hufika kwenye magurudumu yote. Lakini mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, kupitia mipira ya mabomba na kifuniko cha kikopo chake. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kipimo hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka, hutokea mvuke. Na mvuke, tofauti na kimiminika, hushindilika. Dereva hukanyaga breki, nayo hudidimia hadi sakafuni bila kulizuia gari. Tena, maji yaliyomo huleta kutu ndani ya mabomba, wakati chumvi inayala kwa nje.

Kwa hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2, hata kama gari limetembea kidogo, hata kama hayajapungua. Hapa saa ya kilometa haihusiki hata kidogo. Katika mteremko, dereva na ateremke kwa gia ndogo ili injini ibebe sehemu ya kazi hiyo.

Ratiba ya pwani

Ratiba ifuatayo haichukui nafasi ya kitabu cha gari. Yaongezea yale yatakiwayo na mazingira yetu.

Kila juma: kagua oili, kulenti injini ikiwa baridi, kimo cha mafuta ya breki, upepo wa matairi kabla ya safari, na taa zote.

Kila bamvua, yaani mara mbili kwa mwezi: osha chini ya gari kwa maji baridi, zibua matundu ya milango, na tazama vichwa vya betri.

Kila kilometa 5,000 au miezi 6, chochote kitakachotangulia: badilisha oili na chujio lake, kagua chujio la hewa, pedi za breki, bushi na mipira ya stelingi.

Kila mwaka: ondoa magurudumu yote, kagua mabomba ya breki kwa urefu wake wote, pima betri, na paka dawa ya kutu.

Kila miaka 2: badilisha mafuta ya breki, badilisha pia kulenti, isipokuwa ile ambayo mtengenezaji ameipa muda mrefu zaidi.

Karibu na kilometa 100,000, au pale historia isipojulikana: badilisha taimingi belti.

Kila tendo liandikwe katika daftari linalokaa garini: tarehe, kilometa, kilichofanywa na kifaa kilichotumika. Daftari hilo ndilo kumbukumbu ya gari, na siku ya kuliuza litakuwa shahidi wa kuaminika kuliko maneno ya dalali.

Jaribio la darasani

Chukua mirija minne ya kioo na misumari minne ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa. Katika mrija wa kwanza tia msumari pamoja na kloridi ya kalsiamu ya kukausha hewa, kisha uzibe. Katika wa pili tia maji yaliyochemshwa kwa muda, na juu yake mimina mafuta ya kula ili hewa isiingie. Katika wa tatu tia maji ya mvua, na katika wa nne maji ya bahari. Miwili hii iache wazi. Tazama kila siku kwa muda wa juma moja, na andika uyaonayo.

Maswali: (1) Ni mrija upi ulioonyesha kutu kwanza, na kwa nini? (2) Mirija miwili ya kwanza yathibitisha nini? (3) Gari la shule latembea kilometa 16 kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Je, litatimiza kilometa 5,000 kabla au baada ya miezi 6? (4) Muulize fundi wa majahazi wa karibu nawe ni mambo gani humfanya akipandishe chombo kabla ya wakati wake wa kawaida. Linganisha majibu yake na yale uliyosoma hapa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari la pwani, ufa wa kwanza huwa ni kutu kidogo juu ya bomba la breki, au mafuta yaliyokaa miaka minne bila kubadilishwa. Mwanafunzi ajuaye sababu zake aweza kuutafuta kwa tochi na daftari, akiwa amelala chini ya gari la mzazi wake mwisho wa juma, kabla mtu hajalihitaji gari hilo usiku.